Joto la Kuazima

Dada yangu mpendwa,

Kabla ya salamu nakusihi: isome barua hii peke yako, na neno lisitoke kinywani mwako hadi nitakapokuwa nimesema mwenyewe. Bosi akisikia mapema ataniita, nawe wanijua, akinikazia macho tu ulimi wangu huganda.

U hali gani? Homa ya mtoto imeshuka? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa.

Umeambiwa shemeji alizima majiko ya gesi bandani kwa makusudi kabla ya kukimbilia nyumbani kwenu, vifaranga wakafa, ndiyo maana yuko mahabusu. Sikiliza yaliyotangulia. Bosi alinituma nimwambie afunge majiko, gesi inamfilisi. Kuku ana manyoya, alisema bosi, baridi ya nini? Shemeji alicheka, akasema bosi naye ana ndevu, mbona anavaa koti. Kisha akaacha mzaha. Kifaranga mchanga, alinieleza, hajajua kujipasha. Joto lake ni la kuazima. Akilikosa, chakula chote anachokula kinaishia kwenye kutetemeka, mwishowe hata kutetemeka kunamshinda. "Mrudishie bosi jibu hilo, Kalamu," akaniambia.

Sikulirudisha. Niliogopa.

Jioni ile ulipompigia simu kwamba mtoto anachemka, aliniomba nikae na vifaranga, akaondoka mbio. Mvua ikaanza. Yeye huko alikuwa akimkanda mwanawe kwa kitambaa cha maji, na mimi huku, dada, ni mimi niliyeyafunga yale majiko. Bosi alipita, akauliza mbona bado yanawaka, nikayafunga kwa mkono wangu. Vifaranga walilia sana, wakarundikana kona moja wakipandana. Baadaye wakanyamaza, nikajidanganya kwamba wamelala.

Shemeji aliporudi asubuhi, wa chini walikuwa wamekosa pumzi, wa juu wamekakamaa kwa baridi. Bosi akamnyooshea kidole yeye. Shemeji akanitazama, akangoja. Nikatazama viatu vyangu.

Kesho naenda kusema. Mpakate mtoto kwa niaba yangu. Mama msalimie, ila usimwambie kitu.

Usinipigie ofisini, sitakuwepo tena. Njoo kituo cha polisi, umletee shemeji sweta lake. Sakafu ya mle ni saruji tupu. Mimi nitakuwa kwenye benchi la nje. Usiponiona hapo, niulizie ndani.

Mdogo wako,
Kalamu