Kibati cha Chini

Baba Ester,

Kibati chako kimeibwa. Naanza na hilo maana hukupenda mtu azunguke mbuyu, hasa mimi. Kile cha juu, tulichokigongelea kwenye kijiti pale kichwani pako, hakipo. Na kijiti chenyewe hakipo. Kama ni mchwa, kama ni mtu aliyekosa kuni, sijui. Nilikwenda Jumapili moja baada ya ibada, jembe begani, nikusafishie kaburi. Nikakuta majani yamefika magotini, na chini ya majani vituta vitatu vimelala sambamba, vimeshushwa na mvua, vyote urefu mmoja. Nikasimama pale. Mimi niliyelala nawe kitanda kimoja tangu Ester hajazaliwa, sikujua ulipo.

Nilikukasirikia. Nakwambia ukweli. Mtu aliyeshinda maisha yake yote anahangaika miche isipotee majina, anapotea yeye.

Unakumbuka ulivyoanza wazimu ule? Ulikuwa bado kwenye kitalu cha serikali. Mlitumia vibao vya mbao, mchwa wa Itigi wakavila kabla miche haijasimama vizuri. Mkaandika kwa rangi kwenye makopo ya mafuta ya msaada. Jua likala rangi, kutu ikala kopo. Wenzako wakasema basi, mwembe ni mwembe. Wewe hukulala. Ukaja nyumbani ukanikwapulia sufuria yangu iliyotoboka, ambayo mimi nilikuwa bado nachemshia maji ya kuoga, tundu nimeliziba kwa ugali. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nikasema nyinyi Wanyiramba mtakuja kutukata hata masikio muandikie miti. Ukacheka, ukaendelea kukata na mkasi wa bati.

Nilikaa kukuangalia kwa hasira, halafu hasira ikaisha nikabaki nakuangalia tu. Kipande upana wa vidole viwili. Unakilaza juu ya soli ya katambuga lako la tairi, unachukua msumari uliopondwa ncha, unakandamiza herufi polepole hadi zinatuna upande wa pili. Hakuna wino wala rangi, jua litakula nini? Unatoboa tundu, unapitisha waya wa shaba. Kisha unakipaka masizi na tope, kizuri kile, hadi kinafanana na uchafu. Nikakuuliza mbona unakiharibu. Ukasema, "Mama Ester, kiking'aa kitaondoka."

Na kila mche uliuandikia vibati viwili. Kimoja unakifunga shinani, kingine unakikunja na kukifukia ndani ya kiriba, ule mfuko wa udongo wa mche, pembeni ya mizizi. Nilikuona unapoteza alumini bure. Ukanijibu kama unamfundisha mtoto, "Cha juu ni cha watu. Cha chini ni cha mti wenyewe."

Waliposema serikali inapunguza wafanyakazi, jina lako likasomwa pamoja na ya wenzako. Ulirudi na baiskeli, ule mkasi, na vikonyo vya miembe vya kubebeshea umevifunga kwenye gunia bichi kama mtu anayeiba watoto. Hukulia. Mimi nililia kwa niaba yetu sote. Zama zenyewe ndizo hizi za ruksa: maduka ya stesheni yamejaa hadi nje, sabuni za kila rangi, vitambaa, redio, nasi tunapita tunatazama. Wewe ukajenga kichanja cha miche nyuma ya nyumba, ukabebesha maembe ya dodo, bolibo na sindano juu ya mashina ya kawaida, na watu wakaanza kuja. Walikuja hata kutoka vijiji vya ndani kabisa, kwa sababu moja tu. Mche wa Baba Ester ukiitwa dodo, utazaa dodo.

Ile siku mbuzi wa jirani walipovamia kichanja kabla hujafunga vibati vya juu wala kufukia vya chini, viriba vikachanganyika, nilikushauri ukisie. Majani yote ni yale yale, nikasema, nani atajua? Itazaa mwaka gani hiyo miembe? Ulinitazama. "Itazaa tu," ukasema. Ukaipanga kwenye tuta moja, ukasimika kibati kimoja mwanzoni: DODO NA SINDANO, MCHANGANYIKO. Kila mnunuzi ukamwambia mwenyewe kwa kinywa chako. Jina usilolijua usiliandike. Hayo yalikuwa maneno yako, na nimeyachukia mara nyingi, mwezi huu zaidi.

Halafu kifua. Sitaki kuandika sana kuhusu kifua. Ulikonda hadi shati la mtumba likawa linakuvaa wewe. Mchana mmoja ukaniomba msumari na katambuga. Nikadhani nafuu imekuja, mtu anataka kazi! Nikakimbia nikaleta, na kipande cha sufuria, nikakuwekea mto mgongoni. Nikaenda jikoni. Niliporudi na uji nikakuta umeandika ELIA. Umeandika mara mbili, vibati viwili, na herufi ya mwisho kwenye cha pili imepinda kwa sababu mkono ulikuwa umechoka.

Nilikugombeza. Uji nikaumwaga. Nikasema unajiandika kama mche, unajifukia mwenyewe mbele ya macho yangu, na huyu mtoto ataonaje? Hukunijibu kwa ukali. Ulisema, "Nisiandikiwe kwa rangi, Mama Ester." Basi. Ukalala.

Hatukuweza kukupeleka kwenu Iramba. Shemeji Yona alifika, akalia, akazunguka stesheni na kwa wenye malori, lakini mvua ilikuwa imekata barabara na mwili hausubiri. Tukakuzika hapa hapa, makaburi ya mji, udongo umelowa na unaporomoka mashimoni. Wiki ile walizikwa wengi. Kibati cha juu Yona alikichukua yeye. Akakisugua kwa majivu na mchanga jioni nzima, mikono ikamtoka malengelenge, hadi kikawa kama kioo, kwa sababu alisema kaka yake hatalala chini ya uchafu. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo, nikaiona ile mikono yake, nikaufunga. Alikupenda, na hakuwahi kukaa na wewe kwenye kitalu.

Kibati cha chini nilikiweka mimi. Kabla hawajafunga jeneza nilikisukuma chini ya mkono wako, upande wa moyo. Mwinjilisti aliniona. Akatazama juu, akaendelea na wimbo.

Sasa nikupe habari za baada yako. Wanunuzi wa chakavu wameingia Itigi. Wanapita na baiskeli, mzani unaning'inia, wanaita mlango kwa mlango: alumini, shaba, betri mbovu. Wanapakia magunia kwenye treni, yanaenda kuyeyushwa. Wanabadilishana kwa mabeseni ya plastiki, na mji mzima sasa una mabeseni mekundu. Vifuniko vya masufuria vimeanza kupotea majikoni. Kengele ya shule imepotea. Nami nikajisifu kwamba vyetu vimepakwa masizi, hatavijua mtu. Kumbe mvua ilishavisafisha, na mimi sikuwa na moyo wa kuvipaka tena. Asubuhi moja nikatoka na ndoo ya kumwagilia, nikakuta miche yako yote, yote, Baba Ester, mashina matupu. Hata waya wa shaba wamefungua. Wamefungua vizuri, bila kuvunja tawi, utasema ni watu wa kitalu.

Nilikaa chini kwenye tope. Ester akaja, akauliza, "Mama, sasa hii ni nini?"

Ndipo nikakumbuka cha chini. Tulishinda siku ile mimi na yeye, tunaingiza vidole kwenye kila kiriba taratibu tusikate mizizi, tunatoa kipande kilichokunjwa, tunakifuta kwa kanga, tunasoma. Dodo. Dodo. Bolibo. Mwandiko wako unatoka udongoni mmoja mmoja. Nilicheka na kulia kwa pamoja, Ester akaogopa. Hakuna hata mche mmoja uliopotea.

Kwa hiyo Jumapili ile, niliposimama mbele ya vile vituta vitatu, unajua nilifikiria nini. Usijifanye hujui. Niliinua jembe. Nilikuwa nimeshachagua cha katikati, na jembe lilikuwa limeshaingia, kidogo tu, nikasikia mtu nyuma yangu anasema kwa sauti ya chini, "Mama, hapo unapolima ni mume wangu."

Alikuwa Mama Rehema, mke wa Yosefu yule wa reli, aliyefariki wiki yenu ile. Naye ana jembe. Naye amekuja kusafisha. Nikamuuliza ana hakika? Akasema ana hakika. Nikamuuliza tena. Akaweka jembe chini, akatazama kituta cha kwanza, cha pili, cha tatu, akarudi tena cha kwanza. Msalaba wa mume wake ulikuwa wa mbao, nao haupo. Miezi yote ile alikuwa akilia penye kituta kile cha katikati, na sasa, kwa sababu mimi nilimuuliza, hakijui tena. Nisingemuuliza.

Mchimba makaburi aliyewazika naye ameshakufa. Yona nilimwita, akaja, akasema ni cha kulia. Kesho yake akasema ni cha kushoto. Akaanza kulia kuhusu majivu na mchanga. Kumbe alishajua. Nikamwambia shemeji nyamaza, wezi ndio walioiba. Kituta kimoja katika vile vitatu hakina hata mtu anayekuja.

Viriba niliweza kuvichokonoa. Wewe siwezi kukufukua. Hilo ndilo linaloniamsha. Jina lako lipo, limeandikwa kwa mkono wako mwenyewe, liko pale chini kimo cha mtu tu, na hakuna binadamu atakayelisoma.

Nilienda kwa mama, kule kwetu Ilongero. Unamjua mama yangu na udongo wake. Unakumbuka nilivyokuambia tangu mwanzo, tumia udongo, kigae hakina mnunuzi? Ukanicheka, "Mche utabeba chungu shingoni?" Haya, cheka sasa. Vyungu vya bibi yangu vilivyovunjika bado vipo kwenye jalala la kwetu, na mikwaruzo yake inaonekana. Mchwa hawakuvila, jua halikuvila, na hakuna mwenye mzani aliyeviokota. Nikakanda, nikachanganya na mchanga, nikapiga kigae kipana unene wa kiganja. Mama akanipa bua la mtama nichongee herufi kabla hakijakauka.

Hapo ndipo nilipokwama. Yona alitaka niandike ELIA tukisimike cha kulia, mambo yaishe. Watu watakuwa na mahali pa kusimama, alisema, na marehemu hatagomba. Nilikuwa nataka! Kwa nini nisipate mahali pa kusimama? Bua lilikuwa mkononi. Nikakuona unanitazama kama ile siku ya mbuzi.

Sikuandika hivyo. Nikaenda kwa Mama Rehema, tukaongea, akakubali. Nikafinyanga vigae viwili vinavyofanana. Vilichomwa pamoja na vyungu vya mama, vikatoka vyekundu, vinalia ukivigonga. Jana tulivisimamisha, sisi wawili na Ester. Hatukuvipeleka penye kituta chochote. Tuliviweka mwanzoni mwa mstari, kama ulivyofanya kwenye lile tuta. Kimoja juu, kimoja tumekifukia chini yake mkono mzima. Vimeandikwa:

ELIA. YOSEFU. NA MWENZAO.

Tulipalilia vituta vyote vitatu. Mama Rehema alilia kwenye kile cha katikati kwa mazoea, nami nikalia hapo hapo, bega kwa bega, maana ningelilia wapi. Halafu tukaenda kwenye cha yule wa tatu, tukakaa kidogo.

Sioni kama nimeshinda kitu. Usiku kitanda ni kipana. Miche inauzika, Ester sasa anaandika majina yake kwenye vigae, herufi zake mbaya kama zako. Ng'ombe akikikanyaga kigae hiki makaburini nitafinyanga kingine, kila kiangazi kama itabidi, na siku mikono yangu ikishindwa Ester ameshajua kuchoma. Hiyo ndiyo ahadi yangu, sina nyingine kubwa zaidi. Na siku yangu ikifika nimeshamwambia: anilaze kwenye mstari huo huo, popote penye nafasi, anipe vyangu viwili.

Pumzika, mume wangu. Cha juu tumekipoteza sisi. Hicho ulicho nacho chini ya mkono, kishike. Usikiachie, mpaka nije nikisome.

Mama Ester