Kisanduku Kinachohesabu Kuanzia Sifuri

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, pamoja na mpwa wangu ambaye nasikia ana meno mawili na anayatumia vibaya. Sisi huku hatujambo. Mama naye hajambo, ila magoti humuuma kila panapotajwa vyombo vya kuosha.

Bendi bado ipo. Kofia, mpiga ngoma wetu, hajaivua kofia yake, na bado anauwahi wimbo kabla wimbo haujafika. Tulimjaribu mwimbaji mwingine, yule mshonaji wa mlango wa pili. Kofia akasema anaimba kama anayesoma orodha ya vitambaa. Mwenyewe hakubisha, akarudi kwenye cherehani yake. Kipaza sauti chako kiko palepale; nimekivisha soksi kisiingie vumbi. Soksi ni safi, usianze.

Nakuandikia hasa habari za kile kisanduku cha mwangwi, kinachopitiwa na sauti yako kabla ya kufika kwenye spika. Unakumbuka zamani nilikuwa nazungusha kitufe chake kwa mkono kila wimbo ukibadilika, wewe unaningoja mbele ya watu kama mtu anayengoja lifti. Basi ile siku ya harusi ukumbini niliamua kuwa mjuzi. Nilikiunga na kinanda kwa waya wa midi, ambao vyombo huutumia kupeana amri, ili nikibonyeza nambari kwenye kinanda, kisanduku kibadilike chenyewe. Kwanza kilikuwa kinasikiliza chaneli zote, kama shangazi. Nikakifundisha kusikiliza ya tatu tu. Kofia aliniuliza kama nimejaribu. Nikamwambia mambo haya hayajaribiwi, yanajulikana.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Kwenye wimbo wa maharusi sauti yako ilitoka na nyingine pembeni, chini kidogo, kama mtu anayekubishia. Watu wakatazamana. Bibi harusi akacheka, halafu akajifanya anakohoa. Ulimaliza wimbo, ukashuka, ukaniuliza kama ni koo lako. Nikakujibu kwamba huenda limechoka, tangu ujifungue hujapumzika.

Miezi saba sasa hujashika kipaza sauti. Nilikuwa najiambia umebanwa na mtoto. Lakini wiki iliyopita mama alirudi kutoka kwako, akaniambia hata wimbo wa kumlaza mtoto humwimbii. Alisema unampigapiga mgongoni kimya kimya, na alipokuuliza ulimjibu kwamba sauti imeharibika, hutaki mtoto aizoee. Mama alisimulia huku anachambua mchele. Mimi nikatoka nje.

Dada, sauti yako haikuharibika. Kinanda huanza kuhesabu na moja. Kisanduku kile huanza na sifuri. Nilibonyeza saba, ulipo mwangwi mwepesi unaoupenda, chenyewe kikasikia sita. Na hiyo sita kazi yake ni moja: kumwongezea mwimbaji sauti ya pili iliyoteleza. Yote yameandikwa kwenye kitabu cha maelekezo, ukurasa wa kumi na moja. Kitabu nilikuwa nimekikunja chini ya mguu wa meza ya kinanda, maana meza ilikuwa inayumba.

Ningeishia hapo ungenisamehe kwa ujinga tu. Lakini kitabu nilikisoma Jumatatu ile ile baada ya harusi. Nimejua muda wote huu. Nilishamtambia Kofia, nikaona haya kurudi nyuma. Kila wiki iliyopita ikafanya aibu iwe nzito zaidi kuibeba. Nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu ungenikatia kabla sijamaliza kusalimu.

Kofia nimeshamwambia. Alivua kofia. Nilidhani ni heshima, kumbe alitaka kunipiga nayo.

Mazoezi ni Ijumaa saa kumi. Sasa nabonyeza nane ili kisanduku kisikie saba, na nimejaribu mara ishirini kwa sauti yangu mwenyewe. Mshonaji atakueleza alivyoteseka. Usipokuja sitakulaumu. Ila leo mtoto akisinzia, mwimbie. Hapo hakuna waya wangu wowote.

Nisalimie shemeji, na umbusu mpwa wangu mbali na meno. Mama anasema mitungi yake uirudishe.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Bahatisha
(jina ulilonipa mwenyewe, na sasa nimelistahili)