Mafuta ya Buluu ya Marehemu Baba

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijampoteza mwanangu wa pekee. Mimi ni fundi wa ndege ndogo za injini ya pistoni, kazi niliyofundishwa na marehemu baba, na ndege yake ya viti viwili ninayo bado, naitunza kama mboni ya jicho, na kila asubuhi nafanya kama alivyofanya yeye, nachota mafuta kidogo chini ya tangi, nayainua kwenye glasi mbele ya ukuta mweupe, nikiona ni ya buluu na hayana tone la maji nanawa nayo grisi mikononi, maana ndivyo baba alivyonawa, na ile harufu ikinipanda puani, mshauri, namwona kabisa amesimama pale na ovaroli yake iliyopauka, anapiga mluzi. Sasa uwanja wetu wa ndege umeacha mafuta hayo yenye madini ya risasi, umeleta mapya yasiyo nayo, hata rangi si ile, nami nikaficha mapipa mawili ya zamani nyuma ya karakana. Binti yangu, fundi mwenzangu, tena mjamzito, ameyaona. "Baba, chagua, mapipa au mimi," akavua ovaroli akaenda kwake. Nampenda, lakini nikiyatoa naona kama namzika baba mara ya pili. Nifanyeje?

Fundi Mluzi

Pole, Fundi. Mimi nikisikia harufu ya nta ya sakafu namkumbuka mama hadi machozi, kwa hiyo sikucheki. Lakini hebu acha utoto! Risasi ikiingia mwilini mwa mama humfikia mtoto tumboni, na wewe unanawa nayo kama maji ya bombani. Baba yako pengine hakujua. Wewe umeambiwa.

Waite watu wa uwanja wayachukue mapipa, usithubutu kuyamwaga mtaroni. Usikurupuke kujaza mafuta mapya: hakikisha kwanza injini ya ndege hiyo imeidhinishwa kuyatumia. Glasi yako ya asubuhi endelea nayo, jifunze tu rangi mpya, kisha unawe kwa sabuni kama watu wengine. Mkapime kiwango cha risasi kwenye damu, wewe na binti yako.

Na leo hii nenda kwake ukamwombe radhi. Ukiendelea kununa na mapipa yako, mjukuu huyo atakujua kwa picha tu, kama atakavyomjua baba yako.