Bakuli la Kijani la Elinami

Moshi, Jumanne usiku

Mabakuli kama langu yamejaa dukani, rafu nzima! Kijani kile kile kimoja, bila ua wala mchoro, kama vyombo vya zamani vya Kichina ninavyovipenda. Na mimi nilidhani bakuli langu liko peke yake, kwamba ni majivu ya migomba ya mama tuliyolipaka ndiyo yaliyoyeyuka kwenye tanuri letu yakang'aa vile.

Nimempigia Elinami, mwenzangu wa kufinyanga. Akasema, "Dada, ulikuwa umekata tamaa. Nikalinunua, nikaliweka kwenye tanuri kabla hujafika. Nilitaka tu uendelee."

Basi nimeendelea. Niliacha ualimu kwa sababu ya bakuli lile. Kila mgeni aliyeingia nyumbani nilimwonyesha, na Elinami akiwa amekaa pale pale, anatabasamu.

Nilitaka kulivunja, nimeshindwa. Bado ni zuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kesho asubuhi tunafungua tanuri tena. Mwaka mzima nimeiombea rangi hiyo. Likitoka bakuli la kijani, sitalitazama. Nitamtazama Elinami.