Ng'ombe Uliyemwacha Malukhu

Mpwa wangu uliye Nkoma,

Baba yako amenipigia simu. Ameniita shemeji mara nyingi kuliko siku aliyokuja kumposa mama yako, nikajua ana shida. Anasema wazee wamekataa kukuhesabu mwanamume kamili, kwa sababu ulitahiriwa bila kubarikiwa na mjomba. Anataka nije kwenu Jumamosi asubuhi, nikubariki kimya kimya, niondoke kabla wageni wa sherehe yako hawajafika. Nimemwambia jibu nitakuandikia wewe.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha nyumba yetu, kile babu yako askari jela alichotuachia. Kiingereza ulishakikataa kutoka kwangu. Na bado Kiingereza chako cha kwanza kilitoka mdomoni mwangu, pale Walukuba, Jinja, kabla mwalimu yeyote hajashika chaki mbele yako. Mimi ndiye niliyekuwa nikimrekebishia barua Kalasinga mwenye kiwanda. Alikuwa anazima mashine zote ili anisikie vizuri.

Unakumbuka lile benchi la nje? Nilipanga juu yake kofia yangu, kiatu chako na kitambaa cha kichwa cha mama yako. Nikigusa kofia, unasema "your". Nikigusa kiatu, "my". Kwenye kitambaa nilikufundisha "his", maana kwetu yake ni yake, iwe ya mwanamume, iwe ya mwanamke, na hiyo "her" niliiona nyepesi mno, neno la kumpa kuku. Mama yako akauliza kutoka jikoni, "Kaka, una hakika?" Nikamwambia, "Wewe pika, dada. Huyu atakuwa waziri." Akacheka mpaka moshi ukamwingia machoni.

Alipofariki, baba yako akakuchukua Mbale. Siku ya wazazi nilitoka Jinja na koti langu la bluu kuja shuleni kwenu. Mwalimu mkuu mwenyewe alinifuata akaniomba niseme machache, uso wangu ulionyesha nina maneno. Nikasimama, nikasema kwa Kiingereza kwamba dada yangu amelala lakini moyo wake ulikuwa safi. Nikaweka "his". Ukumbi mzima ukacheka. Nikakutafuta kwa macho, nikakukuta na wewe unacheka.

Pale getini ukaniambia, "Mjomba, ni 'her'. Usiongee tena hapa."

Nikakuuliza, "Moyo wake ulikuwa safi au haukuwa safi?"

"Ulikuwa safi."

"Basi wanacheka nini?"

Ukatazama viatu vyako.

Mwaka huu niliposikia umefunga njuga za tohara, sikungoja kuitwa. Mama yako hakuwa na kaka mwingine. Nilinunua dume jeusi, nikalipakia kwenye lori, na njiani trafiki alipolisimamisha akaona zile pembe, alinipigia saluti: "Pita, afande." Nikalifunga nyumbani kwa babu yako mzaa mama, kule Malukhu, Mbale, nikafagia uwanja, nikavaa koti, nikakaa. Uje ucheze mbele yangu, nikukaripie kama mjomba anavyokaripia, nikupake kifuani majani yaliyomo tumboni mwa ng'ombe aliyechinjwa, nikutume kwenye kisu ukiwa na ukoo wa mama yako nyuma yako. Hiyo ndiyo kazi yangu. Haitolewi kwa cheti.

Nilisikia njuga zikipanda, ngoma nyuma yake, nikasimama. Mkafika njia panda. Halafu njuga zikageuka, zikashuka kuelekea kwenu Nkoma.

Mama wa jirani anayeuza chai akasema, "Bwana Jinja, wageni wako wamepotea?"

"Wanazunguka kwanza," nikamwambia.

"Mbona wanazunguka mpaka hawasikiki?"

Baadaye binamu yako aliyekuwa anakuongoza alinieleza. Ulimwambia, "Tukipita kwa Mjomba atatoa hotuba ya Kiingereza, na wenzangu wa chuo wanapiga video." Ukaenda ukapakwa na rafiki wa baba yako, mtu wa ofisi, ambaye hata jina la mama yako alilisoma kwenye karatasi.

Dume halikurudi Jinja. Yule mama wa chai ana mwana aliyekuwa naye anangoja kisu, na wajomba wa kijana huyo wote wamekufa. Nilimwita. Nilimkaripia mpaka ndege wakahama mitini, nikampaka, akatoka getini kwangu akiruka juu kuliko paa. Ng'ombe wako ameliwa, mpwa wangu, na waliomla walishiba.

Kwa hiyo Jumamosi siji. Siingii kwa dada yangu kwa mlango wa jikoni kama mtu aliyekuja kuzibua bomba. Na usiogope, sijakulaani. Ningetaka kukulaani, mvua ya Mbale yote ingekuwa imeshakatika.

Baraka ninayo bado. Ukiitaka, leta ng'ombe wewe, Malukhu, mchana, na hao wenzako wa chuo na simu zao. Nitaanza kwa kumtaja mama yako, kwa Kiingereza changu, jinsi nilivyomtaja siku ile shuleni. Nimesikia ulisimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Basi utasimama na hapo, karibu nami, mpaka nimalize.

Salimia nyumba.

Mimi,
kaka wa mama yako