Swichi Nyekundu ya Winchi Yako

Ugiriki, Jumapili

Mpendwa mdogo wangu, Baba Kabula,

Mwangaluka. Na marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla ya kusoma. Hapo Bugarama mnaendeleaje? Mgongo wa Mama Kabula umepoa? Mimi nipo, ila magoti yananilalamikia nikipanda boti. Miaka yote hii ugenini, na bado kengele ya kanisa la hapa bandarini ikilia, kidogo nadhani ng'ombe wa baba wanatoka zizini.

Naandika kwa sababu simu yako ina tabia. Tukizungumza mahindi, unasikika vizuri. Nikiuliza habari za winchi ya umeme mliyofunga kwenye duara lenu, hilo shimo la dhahabu, mtandao unapotea. Jumanne ulisema:

"Kaka, ile swichi nyekundu fundi aliitoa. Ilikuwa inasumbua."

"Inasumbua vipi?"

"Inazima winchi."

"Si ndiyo kazi yake?"

"Haloo? Haloo? Kaka, sikusikii."

Ulinisikia.

Nimeitazama mara nyingi video uliyotuma. Wewe unacheka, mfuko wa mawe unapanda, na hakuna mkono wa mtu kwenye kitufe cha kupandishia. Kimefungwa kwa mpira wa baiskeli kibaki kimebonyea. Fundi wenu amekwambia ni ujanja: umeme ukikatika na kurudi, winchi inaendelea yenyewe, hakuna haja ya mtu kukikimbilia. Huyo fundi mwenyewe huwa anashuka shimoni? Muulize.

Kazi yangu huku ni kutengeneza winchi za boti za matanga, zile zinazovuta kamba za tanga kwa umeme wa betri. Mwaka mmoja maji ya chumvi yaliingia ndani ya kitufe. Mwenzangu alikiachia, winchi haikusimama. Kamba ilimkamata mkono ikauzungusha kwenye pipa inakojiviringisha. Alipiga kelele nikate umeme. Swichi kuu ilikuwa chini, nyuma ya mifuko ya matanga tuliyoipanga wenyewe. Nilipoifikia, vidole viwili havikuwepo. Tangu siku ile sigusi kamba kabla sijaona swichi ilipo na kuizima kwa mkono wangu.

Sasa nieleze habari ya kiatu. Ulimwambia Mama Kabula kimezama kwenye tope. Kiangazi hiki, tope gani? Nimempigia. Anasema wenzako walikikuta juu, kimebanwa kati ya kamba na pipa la winchi. Kiatu ulichokivaa chini shimoni kilipandaje? Nadhani ulikuwa unafunga mfuko, umeme umekatika, mguu wako uko ndani ya kitanzi. Umeme ukarudi, kamba ikavuta. Kama nimekosea, niambie nilipokosea.

Barua hii naipiga picha na kuituma kwenye simu ya mkeo, akusomee mbele ya wenzako. Kateni huo mpira. Rudisheni swichi nyekundu, mahali ambapo anayesimamia kamba anaifikia bila kupiga hatua. Kisha nitumie video: mfuko uwe hewani, mtu abonyeze, winchi isimame na mfuko ubaki palepale. Usinisimulie. Nataka kuona.

Msalimie dada yetu wa Kalangalala, na shangazi, mwambie dawa ya macho nimeipata. Mkwe wako simjui bado, lakini naye msalimie.

Hadi nione video hiyo, usishuke.

Ni mimi, kaka pekee uliyebaki naye.