Chai Niliyompa Rhobi

Jumatatu, 2 Juni 2025
Kliniki na Rhobi. Nesi anauliza mume yuko wapi. Rhobi akaninyooshea kidole – mimi! Nikasimama na kitenge changu cha Kampala. Ndiye mimi, ng'ombe sita nimepeleka kwao Butiama. Nesi mgeni, wa pwani, akaduwaa. Nikamweleza: mimi Marieta, mjane wa Magesa, sikujaliwa kuzaa. Kwetu nikioa binti akazaa, mtoto ni wa nyumba yangu na marehemu. Nathanieli aliyempa mimba hana lake. Tulishamalizana, asikanyage kwangu Guta.
Mimba miezi sita. Wamempima damu: nane nukta moja. Ndogo. Kapewa vidonge vya kuongeza damu, vya bure, asubuhi na jioni, na ale maini, dagaa, mboga za majani. Nikasema kwangu atajaa damu mpaka auze!

Alhamisi, 5 Juni
Maini ni ya matajiri. Nimepita buchani nikayasalimia tu. Lakini mimi wa kushindwa? Nimefika Kisumu, nimefika Kampala, nimeuza chai stendi ya Bunda miaka ishirini na mbili na darasa langu la tano. Dagaa wa Kisorya, matembele ya uani, maharage. Maini Jumamosi, robo. Nimemwambia Rhobi mimi sipendagi maini. Uongo mtakatifu. Mchuzi unanitosha.
Vidonge vinamtapisha. Basi namletea mwenyewe kitandani, na chai yangu ya maziwa, ile nzito ya madereva. Anasema, mama, bila chai yako ningevitupa. Nani kama mimi!

Jumapili, 22 Juni
Rhobi anahema akitoka jikoni tu. Ndani ya kope peupe kama sembe. Jirani Hilda kasema binti karogwa. Nikamjibu mchawi wa kwanza ni yeye, ila hana nauli ya ungo. Tumecheka. Rhobi hakumaliza kucheka – pumzi ilikata.
Nimeongeza chai. Kikombe kikubwa.

Jumatatu, 30 Juni
Sita nukta mbili. Imeshuka!
Nesi kakasirika, huyu hamezi. Rhobi kaapa anameza. Anameza na nini? Nikajibu mimi, kwa sauti, foleni nzima isikie: na chai ya Marieta, ulizeni Bunda yote!
Nesi kaweka kalamu chini. Kaongea taratibu – afadhali angenifokea. Chai inazuia dawa isiingie kwenye damu. Ameze na maji, na limao au chungwa. Chai akae nayo mbali.
Limao. Mlimao uko uani kwangu, yanaozaga chini.
Njia nzima nahesabu vikombe nilivyompa. Rhobi ndiye kanishika mkono: mama, si hukujua. Vidole vyake baridi.

Jumatano, 2 Julai
Sikuwasha jiko stendi. Madereva wamekuja kuuliza nani kafa. Nikasema hajafa mtu. Nikaenda kulia chooni.

Ijumaa, 4 Julai
Musoma, hospitali. Asubuhi Rhobi kaanguka bombani. Dereva Mugeta katuleta na gari lake, hela kakataa. Nne nukta nane! Wamemtundikia damu iliyokuwepo, chupa moja. Haitoshi. Ndugu wachangie, na upesi.
Nikakunja mkono wa gauni – chukueni, damu yangu nzito, ya kizamani! Wakanitoboa kidole, tone wakalidondosha kwenye maji ya bluu. Likizama, unayo ya kutosha. Langu limeelea. Limeelea na mimi naliangalia. Yule wa maabara anauliza, mama, kwani wewe unakulaga nini? Nikasema mchuzi.
Mugeta naye wamemkataa, kamaliza dawa za malaria juzi. Kwao Rhobi simu hazipatikani.
Nesi: baba wa mtoto je? Siku zote nasema ni mimi. Leo nimeangalia kidole changu kilichotobolewa.
Rhobi kafumbua macho. Mama, nasikia baridi, nipe chai. Nikampa maji ya uvuguvugu na limao. Kanywa, hakulalamika. Ndicho kimeniumiza.
Nathanieli yuko hapa hapa Musoma, Makoko, dakika kumi kwa pikipiki. Akitoa damu yake, nitamfukuzaje tena? Atakuja siku mtoto anatembea, atasema hata mama yake nilimwokoa mimi. Na jina la Magesa liende wapi? Ng'ombe sita. Miaka yote ile mimi na Magesa tukingoja.
Aje tu. Hata jina achukue. Rhobi abaki.
Namba yake niliifuta kwa mkono wangu. Rhobi anayo kichwani. Nimemuuliza. Kaniangalia kwanza. Kisha kaitaja, tarakimu moja moja, anapumzika katikati.
Inaita –